Mu Kisangani, mchezo mmoja unabebwa na mikono mingi

Mwaka wa 2006 kundi moja la teatre na dansi lilifanya safari ambayo wasanii wetu wachache wanakubali kuifanya. Lilikuwa Kinshasa, mji wenye ma-ambasade, wageni wa festivali na ndege za Ulaya. Likafunga mizigo, likaenda kukaa Kisangani. Hawakwenda kucheza siku mbili na kurudi, walikwenda kukaa kabisa. Kundi hilo linaitwa Studios Kabako, na mwenye kulianzisha ni Faustin Linyekula, mtoto wa Tshopo, mtunzi wa dansi na teatre.

Kwa nini tunawaletea habari hii ninyi wa migodini na wa makambi? Juu ninyi mnajua kuliko wengine namna vitu vinatoka mu udongo wetu na kwenda kupata bei mbali. Shaba inapanda kamyo, inavuka Kasumbalesa. Almasi ya Tshopo inatoka mu mfuko wa shati. Mtu wa kipaji naye anatoka hivyo hivyo: anapanda ndege, na sisi tunabaki na picha yake ku telefone. Studios Kabako walitaka mambo yaende namna ingine. Kama hadithi inachimbwa Kisangani, basi fasi ya kuisafisha na kuitengeneza ibaki pia Kisangani. Ni neno rahisi kulisema. Kulifanya kumechukua miaka karibu 20, na mpaka leo haijakuwa rahisi.

Mtoto wa njia ya reli

Linyekula alizaliwa mwaka wa 1974 Ubundu, mji ambao Wabelgiji waliuita Ponthierville. Wazee wa Katanga waliofanya kazi ya reli wanaijua Ubundu. Kati ya pale na Kisangani mto unakatwa na maporomoko saba ya Boyoma, meli haipiti. Njo maana wakajenga reli ya kilometa 125. Ukitoka Kisangani unavuka mto, unapanda treni ku Lubunga, unashuka Ubundu, unachukua meli mpaka Kindu, tena treni kwenda Kongolo na Kabalo. Ilikuwa njia ya kuunganisha Boyoma na inchi ya shaba. Leo treni ikipita ni ajabu, na watu wa vijiji vya njiani wanasukuma makinga kwa mguu.

Mtoto huyo alisoma Kisangani. Alikuwa na marafiki wa ujana waliopenda vitabu na teatre kama yeye. Wawili kati yao lazima tuwataje, sababu bila wao hadithi hii haieleweki: Richard Kabako na Antoine Vumilia Muhindo. Miaka ile ya kwanza ya 90, wazee wanakumbuka, masomo ya juu yalikuwa yanafungwa na kufunguliwa, Zaire inaanguka, Gécamines inaanguka pamoja nayo. Mwaka wa 1993 Linyekula akatoka, akaenda Nairobi. Kule alitafuta teatre, akakutana na dansi. Mwaka wa 1997, pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen, akaanzisha kundi la Gàara, ambalo linahesabiwa kuwa kundi la kwanza la dansi ya kisasa mu Kenya.

Angeweza kubaki nje. Wengi wamebaki, na hatuwalaumu. Yeye alirudi mwaka wa 2001, wakati inchi ilikuwa imekatwa vipande na vita. Akafungua nyumba yake ya kazi Kinshasa, akaipa jina la rafiki: Kabako. Sababu Kabako alikuwa amekwisha kufa, kijana bado, kwa ugonjwa wa tauni. Tauni, ule ugonjwa wa panya ambao Ulaya wanausoma mu vitabu vya zamani, kwetu ulimwua mtu wa kuandika mu nyakati hizi.

Na Vumilia? Yeye alikamatwa kwa kesi ya kuuawa kwa Mzee Laurent-Désiré Kabila, aliyepigwa risasi tarehe 16 Januari 2001. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo mwaka wa 2003, akafungwa Makala. Baadaye alitoroka, akapata ukimbizi Uswidi. Lakini ndani ya gereza alikuwa anaandika, na maandishi yake yakatoka yakafika ku jukwaa. Mchezo wa 2006 unaoitwa Dinozord umebeba maneno ya hao wawili, aliyekufa na aliyefungwa. Wale waliocheza walikuwa pale mbele ya watu. Wale waliokosekana walikuwa pale pia. Mtu aliyewahi kupoteza mwenzake wa shimo anaelewa namna hiyo ya kuhesabu watu wa ekipe.

Nani anafanya nini

Watu wakisema teatre wanafikiria mwenye kusema mbele. Sisi tunaona inafanana zaidi na shimo. Mu shimo la mikono kuna mwenye kushuka chini na kupiga jiwe, kuna mwenye kuvuta kamba, mwenye kubeba mfuko, mwenye kuosha na kuchagua, na kuna yule mwenye kulisha watu wote mpaka mali itoke, yule mnayemwita PDG. Ukitoa mmoja kazi inasimama. Ku jukwaa ni vile vile, na ekipe ya Kabako inaonyesha vizuri.

Chukueni mchezo wao wa 2019, wenye jina la Congo tu. Umetoka mu kitabu cha Mfaransa Éric Vuillard, kinachosimulia namna wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin toka Novemba 1884 mpaka Februari 1885, wakagawana Afrika ku meza, na kisha mambo ya mpira: msitu, vikapu, mikono iliyokatwa. Ku jukwaa kuna watu watatu. Daddy Moanda Kamono anabeba maneno. Ni mchezaji wa sauti nzito, na maneno ya kitabu kile ni mengi. Pasco Losanganya anaimba. Linyekula anacheza na mwili. Watatu peke yao, bila mapambo makubwa.

Lakini hesabuni wengine. Kuna mwenye kuandika. Kuna Franck Moka, mtu wa muziki na filamu kutoka Kisangani, aliyefanya kazi ya sauti. Kuna mwenye taa, maana bila taa mwili wa mchezaji mu giza ni kama shimo bila lampe. Kuna wa kushona, kuna wa kufunga mizigo na kuihesabu ku kiwanja cha ndege. Na kuna Virginie Dupray, Mfaransa, ambaye kwa miaka mingi anaongoza mambo ya nyumba hii pamoja na Linyekula: mikataba, barua, malipo, tarehe za ndege. Hakuna mtu anayempigia makofi mwenye kuandika mikataba. Hata hivyo ni yeye anafanya mchezaji alale hoteli na si ku benchi.

Kitu kingine tunachopenda kwa kundi hili, linachukua watu kule walipo. Dinozord ni jina la kijana mchezaji wa Kinshasa, Jeannot Kumbonyeki, aliyejipa mwenyewe hilo jina kama mnyama wa mwisho wa ukoo wake. Ndani ya mchezo ule aliimba Serge Kakudji, kijana aliyekulia Katanga, mwenye sauti ya juu sana ya mwanaume ambayo sisi tumezoea kuisikia kwa wanawake. Peter Sellars, Mmarekani aliyekuwa anaongoza festivali moja Vienna kwa ukumbusho wa miaka 250 ya Mozart, alikuwa amewaita. Basi muziki wa maziko wa Mozart ukaimbwa na mtoto wa Katanga, kwa ajili ya rafiki aliyezikwa bila watu wake. Ukisikia mtu anasema Mozart si wa sisi, mwambie hiyo.

Mwaka wa 2009 walitoa more more more... future. Hapo walichukua ndombolo, ile ile inayopigwa mu nganda za Kolwezi siku ya mshahara, wakaigeuza. Gita ilikuwa ya Flamme Kapaya, ambaye mashabiki wa Werrason wanamjua bila kuelezwa. Nguo zilitoka kwa Xuly Bët, mshonaji wa asili ya Mali anayefanyia kazi Paris. Maneno yalitoka Makala, kwa Vumilia. Ndombolo yetu inaimba majina ya wenye feza. Hii ilikuwa inauliza kesho iko wapi. Si kila mtu aliipenda, na tunaelewa: mtu aliyechoka anataka kucheza, hataki kuulizwa swali.

Feza inatoka wapi

Hapa njo wasomaji wetu wanauliza kila mara: "Sasa hiyo kazi iko na mushahara?" Swali ni zuri, tusilikimbie.

Mchezo wa namna hii hauishi kwa tiketi za Kisangani. Unaishi kwa kile wanachoita koprodiksyo. Festivali au nyumba ya teatre ya Brussels, Paris au Lisbon inakubali mchezo kabla haujatengenezwa, inatoa sehemu ya feza mbele. Nyumba ingine inaongeza. Kwa feza hiyo ekipe inakaa Kisangani wiki na wiki inafanya mazoezi, inakula, inanunua mafuta ya gurupe sababu umeme unakatika. Kisha mchezo unatoka kwenda turne, na kila jioni unauzwa kwa bei iliyoandikwa.

Mchimbaji atasema: hiyo ninaijua, ni kama PDG anayetulisha kabla ya kuona mali. Ni kweli, inafanana, hata hatari yake inafanana: mwenye kutanguliza feza anapenda kuchagua jiwe analotaka. Ulaya mara nyingi inataka Kongo ya machozi na bunduki. Msanii akiwapa hiyo tu, atalipwa, lakini atakuwa amechimba kile tu walichotuma achimbe.

Pamoja na hiyo kuna tofauti mbili. Ya kwanza ni kwamba bei inajulikana mbele, mu karatasi. Haisubiri mizani ya mnunuzi. Ya pili ni kubwa zaidi. Jiwe ukiliuza limekwisha, umebaki na shimo. Mchezo ukiuuza leo usiku, kesho asubuhi bado uko nao mu mwili wako, na unaweza kuuuza tena mji mwingine, na mwaka kesho tena. Dinozord ya 2006 waliirudia miaka baadaye, wakiitafuta upya, na wachezaji walikuwa wamekomaa, wengine wametoka mu inchi. Sijui kama kuna carrière inayoweza kurudishiwa jiwe lake hivyo.

Na feza ya turne inarudi wapi? Sehemu inarudi Kisangani: studio ya kurekodi sauti, mafunzo ya vijana, msaada kwa watunzi wengine wadogo wafanye michezo yao wenyewe. Linyekula alipewa zawadi ya Prince Claus ya Uholanzi mwaka wa 2007. Mwaka wa 2014 fondation ya Marekani inayoitwa Curry Stone ikawapa zawadi ya kwanza kwa kazi yao ya Kisangani, zaidi ile ya Lubunga. Msichanganye: ile ya pili ni zawadi ya watu wanaotazama namna mji unajengwa. Haikutolewa kwa dansi.

Lubunga, ng'ambo ya mto

Komini tano za Kisangani ziko upande wa kuume wa mto: Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo na ile yenye jina la mji, Kisangani. Lubunga peke yake iko ng'ambo. Unavuka kwa bac kama iko, au kwa mtumbwi. Mgonjwa anavuka, mwanafunzi anavuka, mama wa soko anavuka na kikapu. Watu wa Lubunga wanaona taa za mji usiku, na kwao giza.

Njo kule kundi hili lilitaka kufanya kazi. Mwenye kuchora ramani alikuwa Bärbel Müller, mjenzi kutoka Vienna. Wazo lao halikuwa kujenga jumba moja kubwa katikati ya mji, lenye viti vyekundu na mlinzi mlangoni. Walifikiria fasi ndogo ndogo, kila moja mu komini yake, ndani ya maisha ya watu. Na ukifika Lubunga na kuuliza watu wanataka nini, hawasemi dansi, wanasema maji safi. Basi ekipe ya teatre ikajikuta inazungumza juu ya maji ya kunywa. Wengine waliona wasanii wamepoteza njia. Sisi tunaona kinyume chake. Mtu anayetaka jirani aje kutazama mchezo wake, lazima kwanza ajue jirani anakunywa nini.

Toka 2023 Lubunga na njia ya Ubundu zimeingia mu matatizo makubwa zaidi ya maji. Ugomvi wa udongo kati ya Wambole na Walengola umeua watu, umechoma nyumba, umewavusha watu wengi kwenda kulala mu kambi za wakimbizi upande wa pili. Teatre haizimi moto wa namna hiyo, tusidanganyane. Lakini ni vizuri kujua kwamba mu fasi hiyo hiyo, kabla ya moto, watoto wa pande zote walikuwa wanakaa chini pamoja kutazama kitu kimoja.

Mlengola mu Marekani

Habari ya Walengola inatuleta ku kipande kimoja ambacho wachimbaji watakielewa haraka. New York kuna jumba kubwa la vitu vya kale linaloitwa Metropolitan. Mu magodauni yake kuna vitu vingi kuliko vile vinavyoonyeshwa mbele. Linyekula alialikwa kutazama vitu vya Kongo, na mule akakuta sanamu ya Walengola, watu wa upande wa mama yake, ikiwa imefungiwa chini, haionyeshwi kwa watu. Mu Septemba 2017 alicheza mule ndani ya jumba, pamoja na Moya Michael wa Afrika ya Kusini, mchezo aliouita Banataba, jina la kijiji cha ukoo wa mama yake. Kabla ya hapo alikuwa amerudi kijijini na mama mwenyewe.

Hakuiba sanamu, hakuomba irudishwe kwa nguvu. Alifanya kitu kingine: alikwenda kuisemesha mbele ya watu wa New York. Wengine watasema hiyo ni ndogo. Inawezekana. Lakini fikirini mtoto wa Kipushi anaingia mu kiwanda fulani cha mbali, anakuta waya wa shaba, anaweka mkono juu yake na kusema mbele ya wafanyakazi wote: hii, baba yangu aliitoa chini, na jina lake lilikuwa fulani.

Watu wa Katanga wana mkono ndani ya kundi hili, zaidi ya Kakudji. Dorine Mokha, kijana wa Lubumbashi aliyesoma sheria kisha akachagua dansi na kuandika, alikuwa msanii mwenzao wa Studios Kabako kwa miaka kadhaa. Mwaka wa 2019, pamoja na mwanamuziki wa Uswisi Elia Rediger, alitengeneza Hercule de Lubumbashi. Walichukua hadithi ya zamani ya Hercule, yule mwenye nguvu aliyesimama ku njia mbili akichagua, ambayo Händel aliifanyia muziki, wakaileta mu migodi ya Katanga. Uswisi haina shimo la shaba wala kobalti. Lakini Glencore, yenye Mutanda na sehemu kubwa ya Kamoto pale Kolwezi, ofisi yake kuu iko Uswisi. Kwa hiyo Mswisi na Mlushois kukaa pamoja kuimba juu ya migodi si ajabu. Ajabu ni kwamba hawakufanya hivyo zamani. Mokha alikufa Januari 2021, akiwa na miaka 31. Tuliandika machache wakati ule. Alistahili zaidi.

Wasomaji wa umri wetu watauliza: na Mufwankolo je? Ndiyo. Kabla ya hawa wote, kundi la Mufwankolo lilikuwa linachekesha Lubumbashi nzima mu Kiswahili cha kwetu, ku radio na ku televizyo, bila Avignon, bila koprodiksyo. Mwaka wa 1986, kule Kawama, walicheza Le pouvoir se mange entier mbele ya wanakijiji, na Johannes Fabian, profesa wa mambo ya watu, akaandika kitabu kizima juu ya mchezo ule. Walikuwa wanatunga pamoja, bila karatasi, kila mtu analeta neno lake. Tofauti na ndugu wa Kisangani ni kwamba Mufwankolo alijulikana na kila mama wa soko. Linyekula anajulikana zaidi Brussels kuliko Mangobo. Tunasema hivyo bila ubaya. Mwaka wa 2009 alitengeneza Bérénice ya Racine ndani ya Comédie-Française Paris, nyumba ya zamani kabisa ya Wafaransa. Mwaka wa 2010 akaichukua upya na wachezaji wa kwetu, wakaenda nayo Avignon. Ni heshima kubwa. Lakini mu parselle za Mangobo watu wangapi wameona hata nusu ya michezo hiyo? Kundi lenyewe linajua swali hilo, njo maana linacheza uani na barabarani linapopata nafasi. Bado, njia ya mchezo wao inafanana sana na njia ya almasi: inaanzia Tshopo, inang'aa Ulaya.

Wazee wa ballet

Kipande cha mwisho tunachotaka kukisema ndicho kilichotugusa zaidi. Mwaka wa 2019, NTGent, teatre ya mji wa Ghent mu Ubelgiji, ilimwomba Linyekula atengeneze mchezo juu ya historia ya teatre. Angeweza kuzungumza juu ya Shakespeare. Yeye akaenda kuwatafuta wazee wa Ballet national du Zaïre, ile Mobutu aliyoianzisha mwaka wa 1974, mwaka aliozaliwa Linyekula mwenyewe. Ikondongo Mukoko, Wawina Lifeteke na Marie-Jeanne Ndjoku Masula walipanda ku jukwaa na miaka yao yote, pamoja na Papy Maurice Mbwiti na Mbelgiji mmoja, Oscar Van Rompay. Walisimulia namna walivyocheza hadithi ya Lianja, shujaa wa Wamongo, mbele ya wakubwa wa dunia, na namna serikali ilitumia miili yao kuonyesha umoja wa inchi.

Sisi tulipofikiria wazee hao tulifikiria Gécamines ya 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ile iliyoitwa départ volontaire, na mnajua wenyewe volontaire ilikuwa namna gani. Mtu alitoa miaka 25 au 30 mu nyumba ya serikali, akatoka na bahasha. Hakuna aliyemwomba asimulie alichokijua: wapi galeri ilikuwa mbaya, nani alimwokoa nani, mashine gani ilikuwa na tabia gani. Maarifa hayo yamekufa ku viti vya barazani. Wazee wa ballet waliulizwa, wakalipwa kwa kusimulia, wakapigiwa makofi wakiwa hai.

Kwa wazazi wenye mtoto anayesema anataka kwenda ku teatre badala ya kuandikishwa ku kampuni, haya njo tunayoweza kuwaambia. Mshahara hauji kila mwezi; unakuja kwa mafungu, na mwaka mmoja unaweza kuwa mzuri, unaofuata ukavu. Mara nyingi hakuna CNSS. Visa inaweza kukataliwa siku tatu kabla ya safari, na mkataba ukapotea. Mwili unaumia, magoti kwanza. Lakini kazi si ya mwenye kucheza mbele peke yake: mtoto mwenye mikono ya umeme anaweza kujifunza taa, mwenye sikio anaweza kujifunza sauti, mwenye hesabu anaweza kushika karatasi, na hizo tatu zinalisha watu hata wakati hakuna mchezo, kwa ndoa, kwa makanisa, kwa mikutano ya kampeni. Muulizeni kwanza anataka nini kati ya hizo. Na akisema anataka kucheza tu, mwacheni aende kutazama mazoezi ya asubuhi, yale ya kurudia kitu kimoja mara 40 bila muziki, bila watu. Kama jioni anarudi na bado anataka, basi ana kazi.